Ndaki na Klachi Iliyokazwa Mno

Kila alfajiri Ndaki na mkewe Merina hukamua ng'ombe wao huko Namawala. Jua likichomoza, Ndaki hufunga madumu mawili ya maziwa kwenye pikipiki, huyoo, safari ya Ifakara. Pikipiki ni ya zamani, aliachiwa na baba yake. Husema ndiye mke wake wa pili, na Merina hapendi utani huo.

Mteja wake mkubwa ni Dativa, mwenye mgahawa. Lakini wiki hiyo Ndaki alichelewa siku tatu, na mara mbili maziwa yalifika yamekatika.

"Kaka Ndaki, wateja wangu wanakunywa chai asubuhi, siyo mchana," Dativa alimwambia. "Kesho ukichelewa tena, nachukua kwa mwingine. Nimeshaongea naye."

Maneno hayo yalimchoma Ndaki. Bila Dativa, maziwa yote yale angempelekea nani?

Haukuwa uvivu. Injini ilinguruma, lakini pikipiki haikuvuta. Kwenye tope na kwenye kila mwinuko wa daraja ilitambaa kama kinyonga. Ndaki akafanya alichokijua, yaani kukaza. Msukuma kama yeye, aliyekulia nyuma ya jembe la ng'ombe, hapendi kuona mnyororo umelegea. Basi alikaza waya wa klachi, akakaza na cheni. Kila alipokaza, hali ilizidi kuwa mbaya.

Siku hiyo alipotoka kwa Dativa aliikokota pikipiki hadi Lumemo, kwa fundi Rosemery.

"Shikamoo, mzee Ndaki."

"Marahaba, mwanangu. Klachi haishiki. Nimeikaza mpaka basi."

Rosemery aligusa mkono wa klachi, ule wa kushoto kwenye usukani. Haukucheza hata kidogo. Akacheka.

"Ugonjwa uko hapa, mzee. Ndani ya klachi kuna pleti, visahani vyembamba. Ukiuachia huu mkono, pleti zinabanana, ndipo nguvu ya injini inafika kwenye tairi. Ukikaza waya hivi, ni kama umeushika mkono safari nzima. Pleti hazibanani vizuri. Zinateleza, zinaungua."

"Lakini mnyororo wa jembe..."

"Huyu siyo ng'ombe, mzee."

Alilegeza waya mpaka mkono ukacheza kidogo kabla ya kuanza kuvuta.

"Sasa tupime kabla ya kufungua injini. Washa. Shika breki sana, weka gia ya tatu, achia klachi taratibu. Injini ikizima, pleti bado nzima. Ikiendelea kunguruma, zimekwisha."

Iliendelea kunguruma, na harufu ya kuungua ikapanda. Ndaki aliona aibu, maana pleti hizo aliziunguza kwa mkono wake mwenyewe.

Rosemery alimwaga oili, akafungua kifuniko. Pleti zilikuwa nyeusi, zimelika. Akaleta mpya, akazitumbukiza kwenye oili.

"Si zitateleza?" Ndaki aliuliza kwa hofu.

"Hizi zinaishi ndani ya oili. Nikizifunga kavu, zitaungua mapema."

Mwisho akalegeza cheni. "Nayo isukume hapa katikati. Icheze juu na chini kama inchi moja. Ukipanda na madumu yako, inajikaza yenyewe. Ukiikaza mno, inakula meno ya sproketi inayoizungusha."

Kesho yake Dativa alikuwa amesimama mlangoni, sufuria tupu mkononi. Alinusa maziwa, akayamimina, akabandika jikoni.

"Umewahi, kaka. Yule mwingine nitamwambia asije. Kaa, chai ya kwanza ni yako."

Ndaki alikunywa vikombe viwili. Kwa furaha yake, hata sukari alisahau kuweka.

Jioni Merina alimkuta amechuchumaa mbele ya pikipiki, kidole kwenye mkono wa klachi, anauchezesha.

"Umelegea huo," Merina alisema, akamletea spana.

Ndaki aliipokea, akaiangalia, kisha akairudisha ndani.

"Uache hivyo hivyo, mama Herieth," alimwambia mkewe. "Ukilegea kidogo ndipo pikipiki inavuta."