Sonde ya Gari la Tata Lukusa

Ijumaa asubuhi, baridi ya Juni ikiuma, Blandine aligonga kioo cha gari la baba yake. Mzee Lukusa hakugeuka. Alikaa kwenye kiti cha dereva, blanketi hadi kidevuni, na moteur, injini ya gari, ikinguruma chini yake kama ya lori. Alikuwa amekwisha kufa.

Gari lilikuwa katikati ya parcelle yake, kiwanja chake kule Kasulo, Kolwezi, pale nyumba yake iliposimama mpaka wakubwa wa mgodi walipoleta mashine ya kubomoa. Penye kobalti, mwenye nyumba ndiye mgeni. Majirani walikwisha kufukuzwa. Lukusa, mtu wa Kasai aliyezeekea mgodini, alikataa. Alilala ndani ya gari, akiwasha moteur apate joto, na Ijumaa hiyo alitaka kwenda Lubumbashi kushitaki.

Inspecteur Kabemba alipofika, Mukalay, chef wa quartier, mkuu wa mtaa, alikuwa ametangulia. Alimsalimu kwa kifundo cha mkono, kama mtu mwenye kiganja kichafu.

"Hii haina kesi, tata inspecteur. Muamba, mécanicien, njo alimuua. Jana alibadilisha sonde ya bomba ya moshi, hakukaza muzuri, moshi ikaingia. Nimekwisha kumufungisha. Camion ya kurudisha bakuyakuya kwabo Kasai inaondoka leo, naye atapanda."

Kabemba alizima moteur, akalala chali chini ya gari. Bomba la moshi lilikuwa na tundu wazi, upana wa kidole gumba, chini ya kiti cha dereva hasa. Juu yake sakafu ililiwa na kutu. Mkeka tu ulifunika. Waya ulining'inia, kichwa chake kimechomolewa taratibu, hakikukatika. Sonde yenyewe ilitupwa nyuma ya gurudumu, pembe zake zimetafunwa na meno ya pince, koleo la kawaida.

"Baba hakusikia hii kelele yote?" Kabemba aliuliza.

"Masikio yake yalibaki mugodini, tata," Blandine alijibu. "Kila mutu hapa anajua."

Kule cachot, mahabusu ya polisi, Muamba alikuwa amechuchumaa ukutani.

"Hiyo sonde ni kitu gani?" Kabemba aliuliza.

"Ni pua ya gari, tata. Inanusa moshi, inaambia ordinateur, kompyuta ya gari: hewa ni kidogo, essence ni mingi, punguza. Ikikufa, gari inakunywa petroli kama mulevi. Iko mbili, moja karibu na moteur, ingine chini ya kiti. Zote zilikufa, nikabadilisha zote."

"Unatoa na pince?"

Muamba alicheka kidogo. "Pince ni ya mwizi. Mi niko na funguo yake, yenye mwanya wa kupitisha waya. Na bomba ikiwa baridi haitoke, inakula uzi, ile mikunjo ya kukazia. Unapasha moteur mbele, kisha unatoa. Jana nilielezea tata Lukusa vile vile, kwa kupaza sauti masikioni. Chef naye alisimama pale, anacheka eti hata gari ya Mukasai iko na pua ya kunusa bitu ya bantu."

"Onyesha mikono."

Viganja vilikuwa vyeusi kwa mafuta, lakini ngozi nzima.

Kabemba alirudi kwenye gari, akaingiza kidole tunduni. Uzi ulikuwa safi. Sonde ilitolewa bomba likiwa la moto.

"Jana gari ilitembea saa ngapi?"

"Jioni," Blandine alisema. "Baba aliijaribu mpaka barabara ya Lubudi, akaiacha hapa, tukaenda kwa miguu kwenye matanga ya mama Tshibola."

"Nani alichelewa kufika matanga?"

"Chef. Alisalimia bantu na kifundo. Anasema banamupa bukari kule nyuma, mukono ni muchafu."

"Bukari, huo ugali, ilikuwa imeiva?"

Blandine alimtazama. "Mi njo nilikuwa kwenye nyungu ya bukari, tata. Maji haikukuwa hata imechemuka."

Saa tano, mbele ya commandant wa polisi, Kabemba alimnyooshea Mukalay mkono. Mukalay akatoa kifundo.

"Hapana, chef. Kiganja."

Kabemba akaufungua mkono mwenyewe. Katikati ya kiganja ngozi ilikuwa imevimba malengelenge ya maji, mstari mmoja mpana kama bomba.

"Ulisikia Muamba anafundisha: pasha mbele. Funguo hukukuwa nayo. Pince iliteleza, ukashika bomba."

Mukalay hakuuvuta mkono. "Quartier muzima imetoka, mutu mumoja anakatala. Bakubwa banauliza mi kila siku, siyo weye. Angefika Lubumbashi, angesema parcelle yake nimeiuzisha. Sikumupiga. Nilitoa kakitu kamoja tu."

Commandant alitazama dirishani. "Chef, pita dispensaire, bakufunge huo mukono. Inspecteur, nenda upumzike."

"Na Muamba?"

"Camion imekwisha kwenda."

Hivyo ndivyo nchi hii inavyofunga kesi: kwa bandeji.

Kabemba alirudi Kasulo. Wachimbaji walikuwa wamekaa juu ya matofali na sepeto zao, wakingoja gari litoke. Mwili wa Lukusa ulikuwa umefungwa shuka, umelazwa kiti cha nyuma. Blandine alipewa mpaka jioni aondoke. Inspecteur akavua koti, akaingia chini ya gari, akairudisha sonde ile ile iliyotafunwa, akaikaza kwa pince aliyoazima, akachomeka waya. Blandine alipowasha moteur, kelele ilikuwa imekwisha.

Akatoka, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Alimnyooshea Blandine kifundo cha mkono kupitia dirishani.

Blandine alikitazama. Kisha akapandisha kioo, akaondoa gari.