Winnie Akataa Kuomba Radhi

Kila Jumamosi Winnie, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa akimaliza kudeki na kuchota maji, kisha mbio kwenye ofisi ya kwaya hapo Kasulu. Kazi yake ilikuwa kuunganisha picha za video kwenye kompyuta mpakato. Mwenyekiti wa kwaya, Mama Apoline, aliienzi kompyuta ile kupita kiasi. Aliifumia kitambaa cheupe kizito cha kuilaza, na ole wake atakayeiweka mezani bila kitambaa.

Jumamosi moja kompyuta ikazimika ghafla. Winnie akaiwasha; baada ya dakika kumi ikazimika tena. Mama Apoline akaja juu. Alidai kwamba Winnie ameichezea michezo akaiharibu, na asipokiri na kuomba radhi mbele ya kwaya jioni ile, asikanyage tena pale. Na video ya kwaya aliyokuwa akiiunganisha ilisubiriwa kijijini Kitanga kesho yake!

"Oya," Winnie alikataa kwa Kirundi cha nyumbani. "Samahani mama, lakini siombi radhi kwa kosa ambalo sikulifanya. Naomba unipe mpaka jioni."

Jamani, mtoto wa miaka kumi na miwili kumbishia mwenyekiti! Lakini hakurudi nyuma.

Alichomeka chaja, ikazimika vilevile. Basi si betri. Akaandika maneno ya nyimbo kwa saa nzima, haikuzimika. Akarudi kwenye video, feni ikanguruma, ikazimika. Akapeleka mkono chini ya kompyuta, akauondoa upesi, maana palikuwa pa moto kama sufuria ya ugali. Kumbe ikifanya kazi nzito inachemka, halafu inajizima isiungue. Alipoiinua aliona matundu ya kutolea joto yamezibwa na kitambaa.

Akaibeba hadi kwa Hilali, fundi wa simu wa jirani. Hilali akaifungua, akachomoa kwenye feni vumbi jekundu lililosokotana na nyuzi nyeupe, akaisafisha. Winnie akairudisha ofisini, akaiweka juu ya vipande viwili vya mbao, na video ikaenda mpaka mwisho bila kuzimika. Kisha akampa Mama Apoline zile nyuzi za kitambaa chake, akamweleza yote.

Jioni wanakwaya walikusanyika kumsikia Winnie akikiri. Aliyesimama ni Mama Apoline, zile nyuzi zikiwa kiganjani mwake.

"Mwenye kosa ni mimi," alisema. "Nilimlaumu mtoto kabla ya kuchunguza. Angekiri ili yaishe, kompyuta ingeungua, na sisi tungemwita mharibifu maisha yake yote. Watoto wangu, msikubali kosa lisilo lenu kwa kuogopa mkubwa. Lakini msibishe kwa mdomo tu. Chunguzeni, mlete ushahidi, kama alivyofanya mwenzenu. Winnie, nisamehe."

Ukumbi mzima ulimgeukia Winnie. Hakuinamisha kichwa.

"Nimekusamehe, mama," alisema.