Jina la Casilda Kwenye Fuvu la Sukari

Haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu mawili, nikiwa juu ya paa langu hapa Toluca, naziba tangi la maji lililopasuka. Kutoka pale, ua wote wa marehemu Bi Chona ulikuwa chini yangu kama sahani, milango na madirisha wazi. Wapo watakaokwambia ilikuwa vingine. Waulize walikuwa wapi jioni ile. Walikuwa mjini, chini ya matao, wananunua peremende.

Ilikuwa tarehe mosi Novemba, jua linakwenda kuzama, kila nyumba inamalizia kupanga meza ya wafu wake, ambao usiku huo hurudi kula. Hermelinda alikuwa kwenye kibanda chao huko mataoni pamoja na mumewe Fidencio, wanauza mafuvu ya sukari. Fidencio akamgeukia; hilo moja tu la kibandani aliniambia mwenyewe.

"Kimbia nyumbani ukalete trei nyingine ya Casilda. Yake yamekwisha."

"Na yangu?"

Fidencio akatazama meza. Mafuvu ya mkewe yalikuwa yamejipanga safu tatu, hakuna hata moja lililoguswa.

"Yako yapo," akasema. "Fanya haraka, mama, watu wanangoja."

Basi akaenda. Njia nzima anasaga meno.

Na angefanyaje? Miaka ishirini na miwili alisimama ubavuni mwa mama mkwe wake, Bi Chona. Yeye ndiye aliyeloweka kalibu za udongo za kumiminia mafuvu majini usiku kucha ili sukari isinate. Yeye ndiye aliyepiga shira kwenye sufuria ya shaba mpaka ikawa nyeupe, viganja vikitoka malengelenge. Casilda, binti wa Bi Chona, alikuwa zake jiji kuu akila raha na bwana. Bwana alipomchoka, akarudi na sanduku moja, hajui hata kutenga ute wa yai. Mwezi wa pili tangu arudi, Bi Chona anakata roho, kidole kikanyooka: kalibu zangu apewe Casilda.

Sukari ile ile. Limau lile lile. Lakini mafuvu ya Casilda yalitoka yanacheka, na ukiyaweka ulimini unafumba macho. Ya Hermelinda yalikuwa matamu tu, basi.

Alipoingia uani, Casilda alikuwa jikoni, mlango wa pili, anakoroga shira na kuimba.

"Umekuja kuchukua yangu tena, wifi? Yako yamefanyaje, yanaona haya kutoka nje?"

"Yanakungoja wewe uyafundishe," Hermelinda akajibu, meno nje.

"Njoo na soda basi, darasa halitolewi bure!" Casilda akacheka, akageukia moto wake.

Hermelinda akaingia chumba cha mbele, palipokuwa na trei na meza ya wafu. Picha ya Bi Chona juu. Mkate, glasi ya maji, uvumba ukifuka. Njia ya maua ya manjano imemwagwa kutoka mlango wa barabarani hadi miguuni pa meza, marehemu asipotee.

Akachukua fuvu moja kwenye trei. Akachukua karatasi iliyokunjwa kama pembe, yenye sukari laini ya waridi. Akaandika kwenye paji, herufi moja baada ya nyingine.

CASILDA.

Kwetu jina la mtu hai huandikwa kila mwaka, ni utani. Unampa fuvu lake mkononi, anacheka, analitafuna mwenyewe, kifo kimeliwa, mambo yamekwisha. Lakini mkononi. Mezani huwekwa ya waliokwisha kwenda. Hata mlevi wa mtaa wetu, ambaye aliwahi kumvika mbwa wake joho la padri, hawezi kukosea hapo.

Hermelinda hakukosea. Alijua.

Akaliweka mbele ya picha.

"Mama," akanong'ona, "kipenzi chako huyu hapa. Mchukue."

Akabeba trei. Akafika mlangoni.

Kengele za kanisa zikaanza kuwaita wafu... halafu zikawa kama zimefunikwa na blanketi.

Harufu ikaja. Sukari inayoungua, na limau juu yake. Harufu ya nguo za Bi Chona.

Kisha ndala. Sss... sss... zinaburuzwa sakafuni. Hermelinda akatazama chini. Maua ya manjano yalikuwa yanalala, moja baada ya jingine, kana kwamba yanakanyagwa.

Hapakuwa na mguu.

Halafu akasikia mezani, nyuma yake, mdomo.

Mnyonyo mdogo wa mate. Taratibu. Bi Chona miaka yake ya mwisho hakuwa na jino hata moja. Alishinda kutwa anamumunya kipande cha sukari. Ndio mlio ule ule.

Mimi hapo nilishuka ngazi. Si kwa woga, ilikuwa baridi. Nikapanda tena baada ya kuvaa sweta.

"Wifi!" Casilda akaita kutoka jikoni. "Hebu njoo uonje shira hii. Siisikii ladha!"

Hermelinda akaiweka trei chini. Alikuwa anatabasamu. Mungu amsamehe, moyo ulimruka kama msichana anayechumbiwa.

"Wifi... nimeonja chumvi. Siisikii. Nimeuma limau zima. Siisikii."

Mwiko ukaanguka.

Alipofika jikoni, Casilda alikuwa ameketi sakafuni, midomo myeupe kama sukari yenyewe. Akamshika mkono. Ulikuwa mwepesi. Mwepesi kama fuvu la sukari, ambalo ndani ni tupu.

"Nina usingizi," Casilda akanong'ona. "Mama yuko hapo mlangoni. Anasema nikalale naye."

Hapo furaha ikamtoka Hermelinda yote kwa mpigo. Alitaka kalibu. Alitaka foleni ya watu. Huyu sasa alikuwa anakwenda kweli, na watoto wa nyumba ile walikuwa wanamwita shangazi.

Akakimbia chumba cha mbele, akanyakua fuvu, akarudi nalo. Jina la aliye hai limalizwe na kinywa cha aliye hai: kila mtoto wa Toluca anajua hivyo.

"Kula. Haraka. Lote."

Casilda akatazama fuvu. Akatazama uso wa wifi yake. Mtu anakufa, lakini akili bado ipo.

"Tangu nirudi hujanipa hata glasi ya maji," akasema polepole. "Leo zawadi? Onja wewe kwanza."

"Jina ni lako!"

"Basi onja jina langu."

Macho ya Casilda yakaanza kufumba. Hermelinda akainua fuvu, akang'ata paji, herufi tatu za kwanza.

Chaki. Vumbi. Hakuna utamu hata chembe. Lilikuwa limekwisha kuliwa utamu wake na marehemu.

Akameza hivyo hivyo, akamsukumia mwenzake kinywani. Casilda akatafuna. Kipande, kipande tena. Rangi ya waridi ikarudi kwenye midomo. Akafungua macho.

"Tamu!" akasema, machozi yanamtoka. "Wifi... tamu kama ya mama."

Hermelinda akajilamba midomo. Akachovya kidole kwenye sufuria, akalamba shira. Akalamba chumvi, nayo kama vumbi.

Nyuma ya sikio lake, karibu kabisa, mdomo usio na meno ukanyonya.

"Ladha yako..." ukanong'ona, "ina uchachu kidogo."

Mdomo ukanyonya tena.

"Lakini tamu."

Mwaka wa sita sasa. Hermelinda anakula tamale, mkate wetu wa mahindi, kama mtu anayekula karatasi. Kahawa kwake ni maji ya moto. Shira anaipima kwa macho, na mafuvu yake yanatoka mazuri ajabu, lakini ladha yake hadi leo anaambiwa na wengine. Isipokuwa kitu kimoja. Kilichotoka mkononi mwa Casilda, hicho anakisikia, chote, mpaka anafumba macho. Kwa hiyo kila mwisho wa Oktoba utamkuta mataoni, katikati ya foleni ndefu ya wateja wa wifi yake, anasubiri zamu kama mgeni, na wivu umemjaa kuliko zamani. Casilda humpa lake na kumuuliza, "Leo naandika jina la nani?" Naye hulila pale pale, amewapa watu mgongo.

Daktari wa hospitali kubwa alimpima akasema ni mshipa wa ulimi tu umelegea, ni jambo la kawaida, halina uhusiano na wafu.

Mengine yote niliyaona. Huyo daktari nimemtunga mimi, mpate usingizi.