Jezi Namba Nne Ilirudi Safi

Soko la Kataki asubuhi ya Jumatatu halina njia, lina migongo tu. Séraphine alikuwa anajipenyeza kati ya mama wauza ndakala, vile visamaki vya ziwani, beseni la jezi mbichi kichwani, akitoka kufua ziwani. Jezi moja ikateleza. Kabla haijagusa matope, mkono mrefu uliidaka.

"Mama, hii ni jezi yangu."

"Miye ni mama yako tangu lini?" Séraphine aligeuka polepole, beseni lisiyumbe. Alivaa kikwembe cha njano, amekikaza kiunoni kama muntu wa kazi, na povu lilikuwa limemkaukia mpaka viwikoni. "Halafu jezi ni ya chuo. Weye ni nani?"

"Namba nne. Rubens. Beki."

"Ah! Kumbe njo weye! Kila wiki nakusugua mpaka vidole vinauma. Wenzako wanacheza mupira, weye unalala chini?"

Rubens alicheka. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi hadi kola ikasimama. "Muntu akitaka kupita, lazima nianguke mbele yake. Kazi ya beki ni ile."

"Basi uanguke kidogo kidogo. Nihurumie."

Yalianzia hapo. Mama Julie, shangazi yake Séraphine, ndiye aliyefua nguo za timu ya chuo, na tangu mvua za kwanza, mashindano ya vyuo yalipoanza, Séraphine alikuwa mikono yake. Sasa akajifunza kuisoma jezi ile. Udongo mwekundu mgongoni: alisukumwa. Majani kifuani: alijitupa. Jioni simu ilikuwa inalia, na Rubens alikuwa ameanza kumwita mpenzi.

"Sheri, umeona?"

"Nimeona damu kwenye mukono. Ya nani?"

"Ya mwingine."

"Muongo. Lete dawa ya vidonda, nikupake kwa ufagio."

Chuo kilishinda, kikatoka sare, kikashinda tena. Lakini nyumbani mambo yalikaza. Papa Anatole, baba mdogo wa Séraphine, ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba tangu baba yake afariki. Papa Valère, mfanyabiashara mjane aliyeleta boti yake kutoka mji wa Baraka, alikuja kumuomba binti. Papa Anatole akasema ndiyo bila kuita mtu. Kuanzia siku ile geti likawa na sheria: kanisani na kurudi, ziwani na kurudi, kupeleka nguo na kurudi. Hata akisimama uani kuanika, aliulizwa anaangalia nini.

Wakati uleule chuo nacho kikawafungia wachezaji wake. Mechi mbili zilikuwa zimebaki, na kocha aliwapeleka kwenye nyumba moja ya mlimani, yenye ukuta. Hakuna mgeni, hakuna simu. Rubens alipiga mara ya mwisho akiwa tayari kwenye foleni ya kukabidhi simu.

"Wiki mbili tu, sheri. Nikitoka, nakuja na baba yangu tubishe hodi. Utaningoja?"

"Nitakungoja. Na nitajuaje kama bado unanikumbuka?"

"Namba nne ikija na tope, ujue niko."

Séraphine hakumwambia habari ya Papa Valère. Aliona aibu, akadhani ataizima mwenyewe.

Jezi za nusu fainali zililetwa Jumatatu. Séraphine alizimwaga chini, akaanza kutafuta. Namba saba, tope. Namba kumi, tope. Namba nne ilikuwa chini kabisa, imekunjwa vilevile alivyoikunja yeye. Aliinusa. Ilinuka sabuni yake mwenyewe.

Alikaa kwenye kigoda cha kufulia, nayo magotini, mpaka maji ya beseni yakapoa.

"Kuna nini?" Mama Julie aliuliza.

"Hakuna kitu, Mama."

Mama Julie alimtazama sana, akageuza uso.

Usiku huo meza ilipoondolewa, Papa Anatole alisema, "Papa Valère na jamaa yake watafika Jumapili saa kumi. Uvae vizuri."

Jumapili, siku ya fainali. Wiki nzima Séraphine alifua, alipika, alishika rozari. Maneno ya sala yalimrudia kama mpira uliogonga ukuta. Kama Rubens amemuacha, amkatalie Papa Valère kwa ajili ya nani?

Jumamosi walikuwa wanakunja jezi. Mama Julie akasema bila kuinua kichwa, "Kijana alikuja."

"Nani?"

"Namba nne. Siku mbili kabla ya nusu fainali, mchana kweupe. Alisikia habari ya Valère kwa wanaopeleka chakula mulimani, akaruka ukuta. Weye ulikuwa ziwani. Papa Anatole alimusimamisha getini, akamwambia umekubali mwenyewe, kwa roho moja. Aliporudi mulimani kocha akamutoa kwenye timu."

"Na weye, Mama, ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya mulango. Nilinyamaza." Mikono ya Mama Julie ilisimama. "Tangu siku ile nikisali Baba Yetu, nikifika pale pa 'utusamehe', siwezi kuendelea."

Séraphine aliichukua namba nne, akaiweka juu ya zote.

Jumapili mchana Papa Anatole mwenyewe alifungua geti. "Peleka hizo nguo, urudi mbio." Nani angemzuia muntu mwenye beseni la timu kichwani?

Uwanjani aligawa jezi moja moja. Ikabaki moja. Rubens alikuwa peke yake mwisho wa benchi, ameshika tama.

"Namba nne," Séraphine aliita.

Rubens alinyanyua macho. "Nenda kwa bwana yako. Niliambiwa ulikubali."

"Ulimuuliza nani? Miye uliniuliza?" Akamgeukia kocha. "Papa, huyu hakuruka ukuta kwenda kunywa. Alikuja kwetu kuniomba. Akarudi mwenyewe, ama hakurudi?"

Kocha alikuna shingo. "Alirudi. Na mabeki wangu wawili wana homa. Vaa, kijana."

Rubens aliishika jezi, hakuivaa. "Twende kwenu sasa hivi."

"Cheza. Neno langu nitalisema mwenyewe. Weye uje na tope."

Saa kumi sebule ilikuwa imejaa. Papa Valère, suti ya kijivu, kofia magotini, alisikiliza hotuba ya Papa Anatole mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na yeye mwenyewe anasemaje?"

Nyumba ile haikuwa imewahi kusikia swali lile. Séraphine alipiga magoti. "Papa Valère, nakuheshimu. Lakini nilishampa mwingine neno langu."

"Séraphine!" Papa Anatole alisimama.

Papa Valère alivaa kofia. "Muache, ndugu. Miye nilitafuta mwenzangu, sikutafuta mufungwa."

Wageni walipoondoka, Papa Anatole alifunga mlango kwa ufunguo, akautia mfukoni. Jua lilitambaa ukutani.

Hodi ilipigwa karibu na saa kumi na mbili. Mama Julie akanyoosha mkono mbele ya ndugu yake. "Ufunguo."

"Julie..."

"Lete ufunguo, Papa Anatole. Nimechoka kusimama nyuma ya mulango."

Rubens alikuwa nje, baba yake kando yake kwenye koti la kanisani. Tope lilimfunika kuanzia nywele hadi soksi.

Papa Anatole alimpima kwa macho. "Mumeshinda?"

"Tumepigwa, Papa. Moja bila."

"Goli lilipita upande wa nani?"

"Wangu."

"Na bado umekuja mbele yangu."

"Ningekuja hata kwa matano, Papa."

Papa Anatole akamkaribisha baba wa Rubens kwenye kiti kikubwa, kisha akamnyooshea Rubens kidole.

"Weye usiguse viti vyangu na uchafu huo. Séraphine! Muletee kigoda cha kufulia, akae."