Aliyegonga Kioo Mara Moja

Siku ya tetemeko mimi nilikuwepo pale ofisini, ila nilikuwa tumboni mwa mama. Kwa hiyo haya nayasema kama nilivyosimuliwa na shangazi. Shangazi yangu ana mdomo, hilo silifichi, lakini si mwongo.

Walifanya kazi pamoja, yeye na wifi yake, yaani mama yangu, katika ofisi ya bima, ghorofa ya juu kabisa ya jengo refu. Bosi wao wa zamani walimwita Mzee Pete. Chumba chake kilikuwa cha kioo, katikati ya ukumbi, ili awaone wote. Akigonga kioo mara mbili kwa pete yake, mnainuka mkapumzike. Akigonga mara moja, mnakaa, hata kama mlikuwa njiani kwenda chooni. Alifia kwenye kiti chake mchana kweupe, na watu wakakaa mpaka jioni wakisubiri agonge.

Meneja mpya hakukitaka chumba kile. Kikatiwa kufuli, kiti kikabaki ndani. Lakini miili ya wale watu ilishazoea. Chai ikiletwa, hakuna aliyeinuka, wanatazamana tu. Ikabidi shangazi, aliyekaa karibu na kioo, awe anagonga mara mbili kwa kijiko chake. Ngo, ngo. Ndipo wanainuka na kupiga soga. Kwao ulikuwa utani.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya kawaida. Mama alikuwa amevua viatu, miguu imevimba, akilalamika kwamba nampiga mateke. Shangazi alikuwa amemaliza kukoroga chai yake na kuweka kijiko pembeni. Akaona chai bado inacheza kikombeni.

Kisha sakafu ikatembea. Makabati yakaachia droo, taa zikazimika, vumbi la dari likamwagika vichwani. Watu wakainuka wote kwa mpigo kukimbilia ngazi.

Ngo.

Mara moja tu.

Wakakaa. Wote, isipokuwa shangazi. Hata meneja mpya, ambaye hakuwahi kumwona Mzee Pete kwa macho, aliuachia mlango akakaa sakafuni.

"Wifi, inuka," shangazi alinong'ona.

"Miguu haitaki." Mama alikuwa ameshika tumbo, machozi yanamtoka. "Hajaturuhusu."

"Nani hajaturuhusu?"

 Mama alikuwa anatazama kioo. Shangazi akageuka. Kufuli lilikuwa mahali pake. Kiti kilikuwa kimegeuka, kinawatazama. Hakikuwa na mtu, lakini ngozi yake ilikuwa imebonyea.

Shangazi akahisi magoti yake yanakunjika yenyewe. Hapo, anasema, hasira ikaipiku hofu. Mtu amekufa, nimelia msibani kwake mpaka sauti ikakauka, halafu bado ananikalisha?

Akashika kijiko. Ngo, ngo.

Watu wakaanza kuinuka. Upande wa pili wa kioo, usawa wa uso wake, ikajibu: ngo. Wakakaa tena. Ukuta ukapasuka toka juu hadi chini, mwanga wa nje ukaingia.

Ngo, ngo.

Ngo.

Kioo kilikuwa na ukungu wa pumzi. Si upande wake.

"Sikai!" shangazi akafoka. "Wifi yangu hakai! Na huyu aliye tumboni hujamwajiri!"

Akapiga mara mbili kwa nguvu zake zote. Pigo la kwanza kioo kikapata ufa. La pili kikamwagika chote.

Ukumbi mzima ukasimama. Shangazi akamkokota mama ngazini, peku, huku nyuma yao wakisikia kioo kinagongwa, mara moja, tena na tena, na kioo hakikuwepo. Wote walitoka. Walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara ghorofa ya juu ilipoilalia iliyo chini yake.

Mimi nilizaliwa salama. Nilikua nikidhani hadithi hii shangazi ameitia chumvi.

Juzi tulikuwa kwangu, mchana, tunaandaa chakula. Mama alikuwa anapanga sahani, mimi nimesimama na jagi la maji. Dirisha likagongwa.

Ngo.

Mama akakaa. Nami nikajikuta nimekaa sakafuni, jagi mkononi, miguu si yangu. Sijawahi kuogopa namna ile.

Shangazi ndiye pekee aliyekuwa ameketi tangu mwanzo, maana siku hizi magoti yanamsumbua. Aliinuka. Polepole, akishikilia meza, akitukana chini kwa chini. Akachukua kijiko, akaenda dirishani, akagonga mara mbili.

"Inukeni," akasema. "Chakula kinapoa."

Tukainuka.

Nilikwenda kukikagua kile kioo cha dirisha. Kina kidonda kidogo cha mviringo, cha pete wala si cha kijiko, kimemeguka upande wa ndani. Sijakibadilisha, na wala sihami. Nimetundika kijiko kando yake, na tangu siku hiyo nakula nimesimama.