Wavu Mtupu Chini ya Mgongo

Maiti ilikuwa imelala chali ndani ya mashine, imefunikwa nyuzi nyeupe kuanzia usoni mpaka miguuni. Kama si ncha ya buti kuchomoza, ungedhani ni pamba iliyosahauliwa.

Inspekta alichuchumaa kwenye kijilango cha bati. Magoti yakatoa mlio.

"Afande, tutatoka humu tumeota manyoya kama vifaranga," alisema koplo, akijipangusa mabega.

"Kifaranga, niitie mwendesha mashine."

Akaja mtu mwembamba, akikohoa. Kiwanda kizima kilimwita Shemeji, maana marehemu, fundi mkuu, alikuwa amemuoa dada yake.

"Nieleze mashine hii. Mimi najua kitambaa cha kufumwa tu."

"Hii haifumi, mzee. Hewa inapeperusha nyuzi, zinaanguka kwenye wavu, feni ya chini inazivuta zitulie. Wavu unazipeleka kwenye tanuri, zinashikana. Ndivyo vile vitambaa vya kufutia vidonda."

"Na yeye?"

"Aliona donge, akaingia mashine ikitembea. Nilimkataza. Wavu ukakwama naye. Mbishi yule!"

Daktari wa polisi, aliyekuwa ameinamia maiti, alinyanyua kichwa. "Paji la uso limegonga chuma cha juu, akazimia. Lakini koo limejaa nyuzi. Zilipoanza kumwagika, alikuwa anapumua."

Walipomwinua, Inspekta alimulika tochi. Mgongo wa ovaroli ulikuwa mweusi tii, bila hata unyuzi mmoja. Chini yake wavu ulikuwa mtupu kwa umbo la mtu, na nyuzi zimemzunguka pande zote.

"Shemeji, mashine ikitembea, kuna mahali humu wavu unabaki bila nyuzi?"

"Hakuna."

Alikwishasema ndipo akaelewa.

"Basi alilala hapa kabla hujawasha. Alikuwa anafanya nini?"

"Labda... anasafisha chekecheo la juu, linalomwaga nyuzi. Tunalisafisha tukiwa chali."

"Na swichi?"

"Anayeingia anaifunga kwa kufuli lake. Ufunguo anaingia nao."

Koplo alipapasa mfuko wa marehemu, akatoa ufunguo.

"Ufunguo huu hapa," alisema Inspekta. "Kufuli liko wapi?"

Shemeji alishika mfuko wake.

"Ufunguo wa pili alikuwa nao nani?"

"Sheria ni ufunguo mmoja, mzee."

"Sikukuuliza sheria."

Shemeji aliketi juu ya robota la pamba. Akatoa kufuli mfukoni, akaliweka sakafuni taratibu.

"Ufunguo wa pili alinipa mwenyewe. Alisema, nisipomwamini shemeji yangu nimwamini nani?"

"Kwa nini?"

"Aliniondoa kwenye mashine. Eti nikakae getini, nifungulie magari. Mimi niliyemfundisha kazi! Vijana wakaanza kuniita bawabu. Nilipomwona ameingia, nikafungua kufuli, nikawasha. Nilisikia anagonga bati. Mara moja tu."

Inspekta alivua kofia. Nyuzi zilikuwa zimemwingia hata kwenye kope.

"Nilipokuwa nakuja nilipita kwa dada yako kumpa taarifa ya msiba. Unajua nani aliomba uondolewe?"

"Nani?"

"Yeye. Anasikia unavyokohoa. Alimsihi mumewe akutoe kwenye vumbi kabla kifua hakijakumaliza. Akamwapisha asikwambie, kwa sababu anajua kiburi chako."

Shemeji alikohoa mpaka akainama. Hakuna aliyemharakisha.

"Nani atamwambia dada?" aliuliza hatimaye.

Inspekta alimshika mkono, akamwinua.

"Nimekuja naye, yuko getini anasubiri. Utamwambia wewe, mwanangu. Mimi nimechoka kubeba habari za namna hii."