Kibandiko cha Njano

Kitambaa hakikunasa. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloligundua binti wa usafi. Kila asubuhi alipofuta mashine ya leza ya hospitali, kitambaa kilinasa kwenye ncha iliyobanduka ya kibandiko. Jumatatu kilipita laini.

Mchana wake, mwale wa leza uligonga koleo la upasuaji mkononi mwa daktari, ukaakisiwa, ukamuunguza muuguzi mgeni jicho la kulia. Daktari alikuwa na miwani ya kinga. Muuguzi hakuwa nayo.

"Miwani ya pili aliitupa huyu," matroni alimwambia inspekta, akimwonyesha binti. "Ni mtoto wa kaka yangu, kazi nilimtafutia mimi. Lakini kusoma hajui vizuri, afande. Kwake kila kitu ni taka."

Binti aliinamisha kichwa.

Inspekta alichuchumaa mbele ya mashine. Kibandiko kilikuwa cheupe: leza ya daraja la 1.

"Daraja la 1 halidhuru jicho. Imekuwaje?"

"Labda mashine imeharibika," matroni alisema.

"Labda." Alimgeukia binti. "Wewe unaifuta kila siku. Ilikuwa hivi?"

"Hapana, afande. Kilikuwa cha njano, kina pembetatu na alama kama jua." Sauti yake ilisikika kwa shida. "Hiki cheupe nilikuwa nakifuta mapokezi. Nyuma ya printa."

Printa, nayo ya leza, iligeuzwa. Mgongoni palikuwa na mstatili safi, usio na vumbi, saizi ileile.

Inspekta alirudi kwenye mashine, akabandua kile cheupe kwa ukucha. Chini yake, njano: leza ya daraja la 4. Hata mwale ulioakisiwa huunguza jicho.

"Funguo za mapokezi anazo nani?"

"Mimi," matroni alisema.

"Na miwani?"

"Niliikalia. Ikapasuka."

"Ukaikalia."

"Wakaguzi wanakuja kesho. Bila miwani ya pili wangefunga chumba, na dhamana ni yangu. Wakisoma daraja la 1, hawaulizi miwani. Muuguzi naye alisoma, hakuuliza."

"Kwa nini umsingizie mtoto wa kaka yako?"

"Nilijua hatabisha. Hajawahi kunibishia."

Askari aliyekuja na inspekta alimshika matroni mkono. Binti aliwafuata hadi mlangoni. Kwa mara ya kwanza alimtazama shangazi yake usoni.

"Shangazi, asubuhi niliona kibandiko kimebadilika. Nilinyamaza kwa kuwa chumba ni chako, na nilikuamini. Jicho la yule dada tumeliunguza sisi wawili."